Skramu na Kanbani mu ekipe moja: namna ya kuchanganya njia mbili za kazi

Kuandika programu ya ordinatere ama ya telefone ni kazi ya ekipe. Mutu mumoja anaweza kuanza peke yake, lakini siku ile programu inaingia mu mikono ya watu, kazi inagawanyika mara mbili. Kuna kazi ya kupanga: kuongeza ukurasa mupya, kutengeneza fakture, kuunganisha malipo ya telefone. Na kuna kazi ya kushitukia: kiliya anapiga telefone saa moja ya asubuhi, anasema mashini inakataa kuuza na watu wamepanga mustari mbele ya duka.

Ekipe nyingi changa zinavunjika hapa kati. Si juu vijana hawajui kuandika programu. Ni juu hizi kazi mbili zinapigana kila siku, na hakuna mutu aliyeketi kuamua ipi inapita mbele. Kiliya aliyelipa avansi anangojea, yule mwingine analalamika, na mu miezi michache jina la ekipe linaharibika. Ku kando ya ziwa, kutoka Uvira kupitia Makobola hadi Baraka, watu wanajuana. Jina likiharibika, ni vigumu kulitengeneza.

Hii makala inaeleza njia mbili zinazotumiwa sana mu dunia ya programu, Skramu na Kanbani, na inaonyesha namna ekipe ndogo inaweza kuzichanganya. Tuliiandika kwa vijana wanaoingia mu hii kazi, na pia kwa mwenye duka, mwenye farmasi ama mwalimu ambaye anataka kuagiza programu na anapenda kujua ataulizwa nini.

Kazi nyepesi: neno lilitoka wapi

Zamani, kampani kubwa zilikuwa zinajenga programu sawa vile maji yanashuka mu maporomoko: kwanza kuuliza kila kitu, kisha kuandika mupango wote, kisha kujenga yote, na kujaribu ku mwisho. Maji yakishuka hayarudi juu. Mwenye kazi alikuwa anaona kitu chake kwa mara ya kwanza kiisha kulipa, na mara nyingi hakikuwa kile alitaka. Hata yeye mwenyewe, wakati wa kuulizwa, alikuwa hajajua vizuri anataka nini, juu hakuna mutu anajua vizuri kitu ambacho hajakitumia.

Kuanzia tarehe 11 hadi 13 Februari 2001, watu 17 wa hiyo kazi walikutana Snowbird, mu jimbo la Utah, Marekani. Kila mumoja alikuwa na njia yake, lakini walipatana juu ya tangazo fupi. Kwa maneno yetu: watu na mazungumuzo yao wapite sheria na vyombo, programu inayotembea ipite vitabu vya maelezo, kusaidiana na kiliya kupite mabishano ya mukataba, na kukubali mabadiliko kupite kufuata mupango kwa lazima. Hawakusema kama vitabu, mikataba na mipango havina maana. Walisema tu kipi kiwe mbele. Toka pale, hizi njia zote zikaitwa ajaili, maana yake nyepesi, zinazogeuka haraka.

Skramu na Kanbani zote ziko mu hiyo familia, lakini hazina wazazi wamoja.

Skramu: mwendo wenye siku zake

Jina la Skramu linatoka ku mucheze wa ragbi, pale wachezaji wanashikana mabega na kusukuma pamoja. Mwaka wa 1986, Wajapani wawili wasomi, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika makala wakilinganisha ekipe zinazotengeneza bidhaa mpya na ekipe ya ragbi. Mu miaka ya 1990, Jeff Sutherland na Ken Schwaber walilichukua hilo wazo wakalileta mu programu, na mwaka wa 1995 waliieleza njia yao mbele ya mukutano mukubwa wa watu wa programu. Kitabu kidogo cha kanuni zao kilitoka mwaka wa 2010, na kilirekebishwa mara ya mwisho mu Novemba 2020.

Skramu inakata muda vipande-vipande. Kila kipande kinaitwa sprinti, na hakipiti mwezi mumoja; ekipe nyingi zinachukua wiki mbili. Ku mwanzo wa sprinti, ekipe inaketi, inachagua kazi mu orodha, inasema: hizi njo tutamaliza. Kila siku wanakutana dakika 15 kuangalia kama bado wako mu njia. Ku mwisho wanafanya vikao viwili: kimoja cha kumuonyesha kiliya kitu kinachotembea, kingine cha kujichunguza wenyewe, nini kilienda vizuri na nini kibadilike.

Ekipe haipiti watu 10 hivi. Ndani yake kuna mutu anayebeba sauti ya kiliya na kupanga orodha, kuna mutu anayelinda mwendo wa kazi na kuondoa vizuizi, na kuna wajenzi wenyewe.

Mwenye kukaa ku ziwa anaujua huu mwendo. Wavuvi wa taa wanatoka usiku kufuata ndakala, lakini mwezi ukijaa, mwangaza wa taa hauvute samaki sawasawa, basi wanapumuzika, wanashona nyavu, wanahesabu faida na kugawana. Kiisha wanaanza tena. Hakuna mutu anawaambia kila siku waende ama wasiende. Siku zao zinajulikana, na kila mutu ku kivuko anaweza kujipanga nazo: mwenye kununua, mwenye kukausha, mwenye kusafirisha. Njo faida kubwa ya Skramu: inapatia watu wote tarehe.

Kanbani: mwendo wa mustari

Kanbani ni neno la Kijapani, maana yake ni kibao ama karatasi ya alama. Lilianza mu kiwanda cha gari cha Toyota, kiisha vita ya pili ya dunia. Injiniya Taiichi Ohno alisikia namna maduka makubwa ya Marekani yalikuwa yanafanya: wanajaza rafu kulingana na kile wanunuzi walishaondoa, si kulingana na kile mutu wa depo anakisia. Basi, mu kiwanda, fundi hakutengeneza kipande kipya mpaka kikaratasi kirudi kumuambia kama kile cha mbele kimetumika. Kazi ilikuwa inavutwa na mwenye kuihitaji. Haikusukumwa tu kutoka nyuma.

Mwaka wa 2004, David Anderson alisaidia ekipe moja ya Microsoft, iliyokuwa India, kutumia wazo hilo. Ile ekipe ilikuwa inatengeneza makosa na mabadiliko madogo ya programu zinazotumiwa ndani ya kampani. Walikuwa wamezama. Walipochunguza, waliona kama sehemu kubwa ya muda inakwisha mu kukisia kazi ambazo nyingi hazitafanywa kamwe. Wakaacha kukisia, wakaweka mupaka wa kazi zinazoshikwa kwa mara moja, wakaacha wenye kuomba wachague ipi inafuata nafasi ikipatikana. Muda wa kungojea ukashuka kutoka miezi hadi wiki. 

Kanbani haina sprinti, haina cheo kipya. Inaomba mambo machache: uweke kazi zote ku tablo fasi kila mutu anaona; uweke mupaka wa kazi mu kila safu; na upime kazi moja inachukua siku ngapi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mufano wake unapatikana ku kituo cha afya. Munganga hawezi kusema: wiki hii nitapokea wagonjwa 14 wa malaria na wawili wa kuvunjika mukono. Wanakuja vile wanakuja. Kuna mustari, kuna idadi ya vitanda, na kuna kanuni inayojulikana na wote: mwenye kipindupindu hangojee nyuma ya mwenye kikohozi. Mu eneo letu, fasi kipindupindu kinajulikana kwa muda mrefu, hakuna mutu anayebishana juu ya hiyo kanuni.

Juu ya nini kuchanganya

Kijiji kinahitaji wavuvi wenye siku zao na kinahitaji kituo cha afya kinachofunguliwa kila siku. Ekipe ya programu ni vilevile, lakini shida yake ni hii: mara nyingi mvuvi na munganga ni mutu mumoja.

Ekipe inayotumia Skramu peke yake inaona shida siku programu yake inaanza kutumiwa. Jumatatu waliahidi kazi sita. Jumanne serva inazimika. Siku ya Ine kiliya wa zamani anapata kosa mu hesabu yake. Ku mwisho wa wiki mbili, kazi tatu tu zimemalizika, na kikao cha kujichunguza kinageuka kuwa kikao cha kuombana musamaha. Ikirudi mara tatu, watu wanaacha kuamini mupango wao wenyewe.

Ekipe inayotumia Kanbani peke yake nayo inaweza kupotea. Kazi ndogo-ndogo zinakuja bila kukoma, kila moja ina mwenye kulia, na ile kazi kubwa ambayo ingebadilisha maisha ya ekipe inakaa ku mwisho wa orodha mwaka muzima. Hakuna tarehe ya kuonyesha kitu kwa kiliya, na kiliya asipoona kitu anaanza kufikiri kama pesa yake ilikuliwa.

Mwaka wa 2009, Corey Ladas alitoa kitabu juu ya muchanganyiko wa hizi njia mbili, akauita kwa jina la kuunganisha, ambalo sisi tunaandika Skramubani. Yeye aliuona zaidi sawa daraja: ekipe ya Skramu inaongeza kidogo-kidogo vyombo vya Kanbani, na kila chombo kikishika kazi, inaacha kile ambacho hakina faida tena. Leo ekipe nyingi zinakaa palepale ku daraja, na si kosa.

Kuna pia njia ya pili. Mwaka wa 2018, shirika la Scrum.org, lililoanzishwa na Schwaber mwenyewe, lilitoa muongozo wa kutumia Kanbani ndani ya Skramu bila kuondoa kitu. Pale, sprinti inabaki, vikao vinabaki, lakini tablo inapata mipaka na ekipe inapima siku za kila kazi. Kwa hiyo, mbele ya kuanza, ekipe ijiulize: tunaongeza, ama tunabadilisha? Yote mawili yanawezekana. Kile ambacho hakifai ni kutojua unafanya lipi.

Hesabu ndogo yenye faida kubwa

Watu wengi wanafikiri kama kushika kazi nyingi kwa mara moja ni bidii. Hesabu inasema kingine. Mwaka wa 1961, musomi wa Marekani John Little alihakikisha kanuni moja juu ya mistari ya kungojea: ukichukua wastani, hesabu ya vitu vilivyo ndani ni sawa na mwendo wa kuingia mara muda ambao kila kimoja kinakaa ndani. Kama vinavyoingia na vinavyotoka vinalingana, unaweza kuigeuza: muda wa kukaa ni hesabu ya vilivyo ndani, ugawanye kwa mwendo wa kutoka.

Tuchukue ekipe iliyoshika kazi 12, na inamaliza tatu kwa wiki. 12 ugawanye kwa 3 ni wiki nne. Njo muda ambao kiliya atangojea, kwa wastani. Sasa ekipe iamue kutoshika zaidi ya sita. Kama mwendo wake unabaki tatu kwa wiki, muda wa kungojea unakuwa wiki mbili. Hakuna mutu aliyekimbia zaidi, na hakuna ordinatere mupya iliyonunuliwa.

Tena, mara nyingi mwendo wenyewe unapanda kidogo, juu mutu asiyeruka kutoka kazi moja hadi ingine hapotezi muda wa kukumbuka alikuwa wapi. Mama anayepika mishikaki, wali na ugali ku moto mumoja anajua hilo bila kusoma Little.

Namna ya kuchanganya, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kuhesabu mbele ya kubadilisha. Kwa wiki mbili, andika kila kazi inayoingia: ilikuwa ya kupanga, ama ya kushitukia? Ekipe nyingi zinashangaa. Zilifikiri kazi za kushitukia ni kidogo, kumbe zinakula nusu ya wiki.

Hatua ya pili ni tablo. Karatasi kubwa ku ukuta inatosha. Piga safu tano: Inangojea, Iko tayari, Inafanywa, Inajaribiwa, Imemalizika. Kila kazi iandikwe ku kikaratasi chake, na jina la mwenye kuishika na tarehe iliyoingia.

Hatua ya tatu ni mipaka. Kwa ekipe ya watu wane, andika 3 juu ya safu ya Inafanywa na 2 juu ya Inajaribiwa. Ukiona Inajaribiwa imejaa, aliyemaliza kuandika haanze kitu kipya. Anaenda kusaidia kujaribu. Hii kanuni inauma siku za kwanza, juu watu wanajisikia sawa wamekaa bure. Lakini palepale njo ekipe inaona fasi maji yanazibwa.

Hatua ya ine ni njia ya haraka. Piga mustari mumoja ku tablo, juu ya zingine zote, kwa kazi za hatari: programu imesimama, pesa inahesabiwa vibaya, siri za watu zimeonekana. Ndani yake kazi moja tu kwa wakati mumoja. Na mukubaliane mapema, kwa maandishi, nini ni hatari. Kama sivyo, kila kiliya atasema kazi yake ni ya hatari, na yule mwenye sauti kubwa atashinda kila mara.

Hatua ya tano ni kuchagua vikao vya kubakisha. Ushauri wetu: bakisha dakika 15 za kila siku, lakini musizunguke kumuuliza kila mutu alifanya nini. Someni tablo kutoka kuume kwenda kushoto, kuanzia kazi iliyo karibu kumalizika, mukiuliza: nini kinaizuia hii? Bakisha maonyesho kwa kiliya kila wiki mbili, hata kama kitu cha kuonyesha ni kidogo. Bakisha kikao cha kujichunguza. Kikao cha kupanga kinaweza kubadilika: musingoje tarehe, mukipange wakati safu ya Iko tayari imebakia na kazi mbili tu.

Hatua ya sita ni kugawa nafasi. Kama hesabu ya wiki mbili ilionyesha kazi tatu mu kumi ni za kushitukia, basi musiahidi kumi. Muahidi saba. Ile nafasi ya tatu si uvivu. Ni sawa akiba ya mafuta mu mashua.

Mufano: programu ya farmasi

Huu ni mufano wa kufikiri tu. Vijana wane mu Uvira wanatengeneza programu ya kuhesabu dawa kwa farmasi. Farmasi tano zilishaanza kuitumia. Ya sita imelipa avansi, inataka programu itoe alama wakati dawa inakaribia tarehe yake ya mwisho.

Mu Skramu peke yake, wangeahidi ile alama mu wiki mbili. Lakini farmasi tano ziko na maswali yao: hapa bei imekosewa, pale mutumishi amesahau neno la siri, kule wanataka fakture iandike franka na dola. Kila jibu linachukua saa moja ama mbili, na ile kazi ya alama inasukumwa kesho na kesho.

Mu muchanganyiko, wanafanya hivi. Mutu mumoja kila wiki, kwa zamu, anakuwa ku mulango: yeye njo anapokea telefone, anaandika vikaratasi, anatengeneza vidogo. Wale watatu hawaguswe, isipokuwa ku njia ya haraka. Kazi ya alama inakatwa vipande vine: kuandika tarehe wakati dawa inaingia, kuonyesha orodha ya dawa zinazokaribia, kuweka rangi nyekundu, kutuma ujumbe ku telefone. Kila kipande kinaweza kuonyeshwa peke yake.

Kiisha wiki mbili wanaita mwenye farmasi. Vipande viwili vinatembea. Anaangalia ile orodha, anasema: inatosha, rangi haina kazi, lakini nataka kuichapa ku karatasi juu mutumishi wangu hana telefone nzuri. Kipande cha rangi kinaondolewa, cha kuchapa kinaingia. Muchanganyiko unasaidia pale: kiliya amesema neno lake mapema, na wale wengine tano hawakuachwa.

Tukumbuke kitu kilicho nyuma ya huu mufano. Dawa iliyopita tarehe ikiuzwa, ni mutoto wa mutu anayeinywa. Kosa mu programu halibakie mu programu.

Yaliyoonekana mu eneo letu

Watu wengi wa hapa wanatumia M-Pesa. Mwanzo wake ni funzo zuri. Mu Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza kuijaribu Kenya pamoja na shirika la mikopo Faulu. Mupango ulikuwa watu walipe mikopo yao midogo kupitia telefone. Lakini wakati wa majaribio, watu walianza kuitumia vingine: kutumiana pesa wao kwa wao, kumulipia mutu mwingine. Ekipe haikuwalazimisha warudi ku mupango. Iliangalia, ikabadilisha, na mu Machi 2007 huduma ikafunguliwa kwa wote, ujumbe wake ukiwa ni kutuma pesa nyumbani. Mwaka wa 2012, Vodacom iliileta kwetu Congo. Hatusemi kama waliita kazi yao Skramu ama Kanbani. Tunasema ile tabia ya kuonyesha mapema na kukubali kubadilika njo iliyozaa kitu ambacho leo kinalipa karo ya shule.

Mufano wa pili ni Ushahidi. Mu Januari 2008, kiisha uchaguzi wa Kenya kuzaa fujo, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani fasi watu wanaweza kuandika yaliyotokea kwao. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wengine walisaidia, na programu ya kwanza ilitoka kiisha siku chache tu. Mwishoni mwa huo mwaka, wakati vita ilipanda tena Kivu ya Kaskazini, toleo jipya lilitumiwa pia kwa habari za mashariki ya Congo.

Ukiiangalia kwa karibu, Ushahidi inaonyesha kazi mbili tulizozisema. Kujenga toleo jipya ni kazi ya kupanga. Kupokea habari za watu, kuzichunguza kama ni za kweli, kisha kuziweka ku ramani, ni mustari usiokuwa na siku yake. Habari ya hatari haiwezi kungoja sprinti imalizike. Na ukiacha mustari ukule siku zote, toleo linalofuata halitatoka.

Umeme, konexio na umbali

Vitabu vya hizi njia viliandikwa fasi umeme haukatike. Kwetu, SNEL inaweza kuondoka mchana muzima, na konexio nayo inafuata. Kuna mambo tatu ya kushika.

Kwanza, tablo ya ukuta iwe ya kweli, na ile ya intaneti iwe kopi yake. Jioni mutu mumoja anapiga picha na kuituma mu kikundi cha WhatsApp. Umeme ukikatika, ekipe bado inajua kazi iko wapi.

Pili, mugawe kazi kulingana na umeme. Kuchora ukurasa, kuandika maelezo, kuzungumuza na kiliya, kusoma makosa ku karatasi: hizi hazingojee umeme. Weka alama ku vikaratasi vyake, na SNEL ikiondoka, watu wanajua wachukue ipi.

Tatu, kwa wale wanaofanya kazi na ekipe za mbali, Nairobi, Kampala ama Ulaya, museme mapema saa ngapi munapatikana, na dakika 15 za kila siku zifanywe kwa maandishi kama sauti inakatika. Kampani nyingi zinauliza mu mazungumuzo ya kuajiri kama unajua Skramu. Anayeweza kueleza aliacha nini, alibakisha nini, na juu ya nini, anasikilizwa kuliko yule anayetaja majina tu.

Muchanganyiko unaoharibu

Si kila muchanganyiko ni dawa. Kuna ekipe inachukua sprinti za Skramu kwa kumuhimiza mutumishi, na inachukua uhuru wa Kanbani kwa kuongeza kazi kila siku. Hapo mutumishi anabanwa pande mbili: tarehe haigeuke, na orodha haimalizike. Kama shefu anaongeza kazi katikati, lazima aondoe ingine yenye ukubwa ule-ule. Hiyo kanuni iandikwe ku tablo.

Kuna ekipe inaacha kikao cha kujichunguza juu “hatuna muda”. Ukiacha hicho, huna tena namna ya kujua kama muchanganyiko wako unasaidia. Afadhali ukate kikao kingine.

Kuna pia ugonjwa wa majina. Kitabu cha Skramu chenyewe kinasema ukichukua sehemu tu, kile unapata si Skramu. Hakisemi ni dhambi. Wewe ulipatie tu jina lake. Basi muambie kiliya kwa lugha ya kawaida: tutakuonyesha kazi kila wiki mbili, kosa la hatari tutalishika siku ileile, na mengine yanafuata mustari. Mwenye farmasi hahitaji neno la Kijapani.

Maneno ya kukumbuka

Sprinti: kipande cha muda chenye mwanzo na mwisho, kisichopita mwezi.

Orodha ya kungojea: kazi zote zilizoombwa, zimepangwa kwa lazima yake.

Mupaka wa kazi: hesabu ya kazi ambazo safu moja haiwezi kupita.

Njia ya haraka: mustari wa kazi ya hatari, moja kwa wakati mumoja.

Muda wa kupita: siku kutoka kazi inashikwa hadi inamalizika.

Skramubani: muchanganyiko wa mwendo wa Skramu na tablo ya Kanbani.

Kwa ekipe inayotaka kuanza Jumatatu, karatasi kubwa, biki na saa moja ya kuzungumuza vinatosha. Muanze na kuhesabu, muweke mupaka mumoja, mungoje wiki mbili, kisha muulizane nini kimebadilika. Na wewe unayeagiza programu, mbele ya kutoa avansi, uliza maswali mawili: nitaona kitu cha kwanza siku gani, na programu ikisimama, ni nani atanijibu? Ekipe inayoweza kujibu yote mawili bila kusita, pengine ilishaketi kupanga kazi yake.